Swali la Daktari kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hushona sare za shule, na mtaa mzima humwita Fundi. Ana mdomo, tena mdomo usio na likizo. Ukibana tumbo akikupima kiuno atakuambia upumue, sare haishonwi kwa uongo. Nampenda, ingawa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikiona cha mtema kuni.

Binti yangu alishikwa na degedege akiwa na miezi kumi na minne. Asubuhi alicheza vizuri. Kufika saa nne mwili ukapata joto kidogo, na hata saa moja haikupita, macho yakageuka, mikono ikakakamaa, akaanza kutetemeka.

Hospitalini daktari aliuliza homa ilianza lini, joto lilikuwa kiasi gani, mtoto ana umri gani. Nikajibu yote. Kisha akauliza kama mmoja wetu wazazi aliwahi kupata degedege utotoni. Kwetu hakuna, nikasema. Kwa upande wa mume wangu akajibu Fundi, aliyekuwa amempakata mjukuu wake.

"Mwanangu mimi? Hata mafua alikuwa hayajui." Kisha kwa sauti ya chini, ya kunifikia mimi tu: "Huku kwetu hayo mambo hayapo."

Nilirudi nyumbani najiona mimi ndiye niliyeleta balaa.

Miezi mitatu baadaye mtoto akapata homa, akashikwa tena, sakafuni kando ya cherehani. Nilikimbilia jikoni nikarudi na kijiko nimtie mdomoni asijing'ate ulimi. Fundi alininyang'anya akakitupa. Akausogeza mkasi mbali, akamlaza mtoto ubavu, akamlegeza kola, akatazama saa ya ukutani.

"Usimtie kitu mdomoni. Wala usimkandamize," alisema. "Zikifika dakika tano tunakimbia hospitali."

Dakika ya tatu mtoto alilegea, akalia. Niliitazama mikono ya Fundi. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Mama, haya umejifunza wapi?"

Akakaa chini, palepale kwenye vipande vya vitambaa.

"Kwa mumeo. Alianguka mara nne, ya mwisho akikaribia miaka mitano. Bibi yake, mama mkwe wangu mimi, alisema nimekuja nayo kutoka kwetu. Nikaapa sitaitaja tena." Akafuta pua. "Halafu nikakutwika wewe mzigo uleule."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Na yeye, ambaye sijawahi kumwona akikosa jibu, aliinamisha kichwa akayasikiliza yote mpaka mwisho. Tukavaa viatu tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa yuleyule. Kabla sijafungua mdomo, Fundi alishaanza. Akasema yote, mara zote nne, na kwamba mara ile alidanganya.

"Umri mdogo, joto dogo, homa haijamaliza hata saa, na sasa baba naye," daktari alisema akiandika. "Yote hayo huongeza uwezekano wa kushikwa tena, jiandaeni. Ila wengi huacha wenyewe kabla ya miaka sita."

Nilishusha pumzi. Fundi hakuinuka kitini.

"Andika na jingine, daktari. Andika mama wa mtoto hana kosa."

"Mama, hilo halina nafasi kwenye fomu."

"Basi andika pembeni."

Daktari alinitazama kidogo, akageuza fomu upande, akaandika.