Tulitunga Kipigo Ili Koti Ituachanishe

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana kanisani kwetu watu wanasoma ukurasa huu kuliko wanavyosoma Biblia. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, fundi wa kushona nguo hapa Kakamega. Nina mume wa pili, mzee wa kanisa, na kijana mmoja niliyezaa na mume wa kwanza. Nitamwita Wafula, si jina lake.

Mume wangu wa kwanza alikuwa karani wa stoo ya mahindi kule Lumakanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bure tu. Siku ya kupanda aliambiwa na mamake, shati la kuvaa aliambiwa na mamake, na kuku akipatikana ni mimi niliyemchinja, yeye amejificha nyuma ya nyumba eti damu inamtia kizunguzungu. Bata mzinga wa jirani alimfukuza siku moja mpaka akajifungia chooni, nikaenda kumtoa na ufagio.

Katikati ya miaka ya tisini, mwaka wetu wa saba, tulikuwa tumekaa Jumapili mchana tukila mahindi ya kuchemsha. Nikamwambia, "Baba Wafula, mimi nimechoka. Wewe hujachoka?" Akatafuna kwanza, akameza, akasema, "Hata mimi nimechoka." Hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana bila kumuuliza mamake. Tukapanga vizuri: mtoto abaki nami, likizo aende kwa baba. Hakuna aliyelia.

Lakini tulikuwa tumefunga ndoa kanisani, ikabidi twende kotini. Wakili mmoja mjini alitucheka. "Koti haivunji ndoa eti kwa sababu mmechokana. Lazima kuwe na kosa. Na wakijua mmepatana, kesi inatupwa. Ngoja nikanunue gazeti, nikirudi mtaniambia ni nini kilitokeanga huko nyumbani." Alipotoka tukaanza kuchagua kosa. Uzinzi nilikataa, siwezi kuitwa malaya kwa sababu ya mtu kama yule. Yeye naye alikataa kwa kumwogopa mamake. Likabaki moja: kwamba alikuwa ananipiga.

Wiki mbili tulifanya mazoezi jikoni. "Sema nilikupiga na mwiko," akaniambia. "Mwiko? Hakimu atacheka. Tuseme mshipi." "Lakini mimi sinanga mshipi." Mungu wangu! Nikaenda sokoni nikamnunulia mwanamume mshipi wa kunisingizia. Mkononi nilikuwa na kovu refu, nilichanwa na seng'enge nikiruka ua la shamba. Tukalifanya kovu la mshipi.

Kotini nilishika Biblia, nikainua mkono, nikalia machozi ya kweli. Hakimu alimtazama kama kitu kilichokanyagwa. Tukaachanishwa. Tulipotoka nje akaninong'oneza, "Nilisimama vizuri?"

Sasa sikieni ujinga. Habari zilipofika Lumakanda, wanaume waliokuwa wakimtuma sigara walianza kumsalimia kwa mikono miwili. Mtu aliyekimbia bata mzinga akawa simba! Akauvaa ule mshipi kila siku, na kwenye pombe ya busaa akawa anafundisha vijana, "Bibi bila mshipi haendangi." Wafula wangu, likizo baada ya likizo, amekaa hapo anasikiliza. Mimi nilipohadithiwa nilicheka. Nikasema mwacheni mnyonge ajisifu.

Na mimi nilikuwa bora? Huyu mume wa pili alinipenda siku nilipotoa ushuhuda kanisani jinsi Bwana alivyonitoa mikononi mwa mkatili. Tangu hapo, kwenye kila semina ya wanandoa ananisimamisha, ananiinua mkono, "Tazameni kovu hili! Mungu alinituma nimwokoe." Mkono wa seng'enge. Nami nausimamisha huo mkono kama mjinga, watu wanasema amina.

Wiki iliyopita mke wa Wafula alifika kwangu na mtoto mgongoni, jicho limevimba halionekani. Nikampigia kijana simu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, wacha hiyo. Baba alikuwanga anakuchapa na mshipi, na ulikaa miaka saba. Huyu nimemchapa mara moja tu anakimbia?" Nilitaka kumwambia babake hajawahi kuua hata kuku. Nikageuka nikamwona mume wangu ameketi hapo kwenye kochi, ananitazama kwa huruma. Nikakata simu.

Nikampigia yule bure wangu. Nikamwambia, "Baba Wafula, mwambie mtoto ukweli. Mwambie hukunigusa." Akasema, "Mama Wafula, na uzee huu nianze kuambia watu sikukupiga? Watanionaje?" Jamani! Kuna watu wanaona aibu ya kupiga. Yeye anaona aibu ya kutopiga.

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi, kwa sababu aliyenunua mshipi ni mimi. Nikisema ukweli, mume wangu atajua hakuokoa mtu, na kanisa zima litajua niliapa uongo nimeshika Biblia. Namwogopa Mungu, lakini wale kina mama wa kwaya nawaogopa zaidi.

Jana tulikuwa tunachambua kunde, mimi na huyu binti, mke wa Wafula. Akaushika mkono wangu, akapitisha kidole juu ya kovu taratibu. Akaniuliza, "Mama, kama wewe ulivumilia miaka saba, mimi wa miaka mitatu nakimbilia nini?" Nikauondoa mkono nikaendelea kuchambua kunde. Kesho yake asubuhi, yaani leo, ameamka mapema anafua nguo za mtoto. Anasema zikikauka anarudi kwa mumewe. Nyinyi mlio na akili niambieni nifanye nini, na mniambie upesi, kwa sababu jua la leo ni kali.