Noti Kumi za Dola Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Kalunguta, mkurugenzi wa shule alinionyesha darasa la sita na kusema: "Mwalimu, hawa batoto règle de trois inabashinda. Inspekta anakuja mwezi ujao. Bakianguka mbele yake, utarudia kwenu Bungulu."

Règle de trois ni hesabu ya uwiano: unatafuta kwanza thamani ya kitu kimoja, kisha unaizidisha. Kitabu chetu kilieleza kwa mwendo wa treni, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona. Nikakifunga. Tulikata noti kutoka karatasi za mifuko ya saruji, darasa likawa soko la maharagwe, na kelele zetu zilisikika hadi barabarani.

Inspekta alifika, mtu wa mkoa mwingine, mzito wa maneno. "Dola moja ni franc elfu mbili. Noti kumi za dola moja ni ngapi?"

Kavira, ambaye mama yake alikuwa akibadilisha pesa sokoni, alisimama. "Elfu kumi na tisa, Monsieur."

Niliiona tayari barabara ya Bungulu.

Inspekta aliniuliza kama hiyo ndiyo hesabu yangu: "Mwalimu, njo ile unafundisha?"

"Hapana, Monsieur!" Kavira alidakia. "Noti moja ya dola kumi, ile njo elfu makumi mbili. Lakini za moja-moja, sokoni banazikata bei: kila moja elfu moja mia tisa."

Inspekta akatoa kipochi chake. "Asubuhi, hapa sokoni, mama moja wa kitambaa cha kijani alinikata vile. Nikamuita mwizi."

"Njo mama yangu, Monsieur."

Darasa lililipuka kwa kicheko, na inspekta akacheka hadi akavua miwani. Kisha akanigeukia: "Ni weye ulimufundisha ile?"

Ndiyo moja ingeniokoa.

"Hapana, Monsieur. Mimi nilifundisha kuzidisha tu. Yeye amenifundisha sasa hivi."

Aliandika "Abaki" kwenye ripoti yake, akaondoka kwenda sokoni kuomba radhi.

Baadaye nilihamishiwa Oicha, kwenye mashamba ya kakao, kisha Butembo, na kila mahali swali langu la kwanza lilikuwa: je, bei ya kimoja haibadiliki? Sasa nimestaafu. Ninyi walimu vijana, mtoto akiwasahihisha, msikimbilie kufuta ubao. Mpeni chaki, mkae kwenye dawati lake.