Oili Nyepesi ya Kaltumi

Kaltumi aliwasha gari, akalizima kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Mtu mwingine asingesikia kitu. Nuriat, wifi yake, aliyekuwa akipepea jiko la mkaa barazani, hakuinua hata kichwa. Lakini Kaltumi alisikia. Chini ya boneti vyuma viligongana kwa ukavu, kama meno ya mtu mwenye homa, na mlio ule haukufifia upesi kama ulivyozoea. Sindano ya presha ya oili ilikuwa imepanda mahali ambapo haijapata kufika.

Rafiki yake Acen alikuwa kwenye kiti cha pembeni, helmeti mapajani. Yeye ni binti wa polisi, mzaliwa wa kambi ya Ntinda, na ndiye aliyekuwa amsomee njia kwenye mbio za siku hiyo.

"Mbona umezima?"

"Kuna mtu amegusa gari langu."

Alishuka, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili. Akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili yake aliijua kama mtu anavyoijua sauti ya mtoto wake: ya rangi ya chai isiyo na maziwa, inayoteremka kwenye chuma bila kusita. Hii ilikuwa nyeusi ya kijani. Tone lake lilining'inia kwenye ncha ya kijiti na kukataa kudondoka.

Jua lilikuwa halijapanda juu ya ukuta, na ile baridi ya asubuhi ya Kampala, ambayo wageni huiona kitu kidogo, ilikuwa bado imelala juu ya bati la gari. Hasira ilimpanda taratibu kutoka miguuni.

Gari lile, Subaru ya tabo, alilinunua likiwa limepondeka ubavu, akalijenga upya kidogo kidogo kwa miaka ambayo wenzake walikuwa wakijenga nyumba. Kabla ya hapo aliendesha teksi ya kukodi. Baadaye alifungua duka la oili Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, baina ya baa moja na muuza matandiko. Wateja wake walikuwa wenye teksi na magari yaliyochoka, watu waliotaka oili nzito ya kuziba kelele ili gari lifike Jumamosi. Aliwauzia walichotaka. Injini yake mwenyewe ilikuwa jambo lingine. Aliifunga kwa mikono yake, vyuma vikikaribiana hivi kwamba unywele usingepita katikati yake. Na tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, huzunguka kwa kasi ambayo akili ya mtu haiifuati, nayo hulishwa oili kupitia tundu dogo lenye kichujio. Oili ikiwa nzito, kwenye baridi ya asubuhi huchelewa kuifikia, na tabo haisubiri mtu. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, hulegea ikawa maji mara injini inapopata moto mlimani. Alikuwa akitafuta oili inayokimbia ikiwa baridi na kushikilia ikiwa moto.

Katika mji ule kutafuta hivyo ni kazi. Makopo matupu huokotwa, hujazwa oili chakavu iliyochujwa, hupigwa vizibo vipya. Yeye aliyatambua kwa kunusa, lakini hakutaka kuitegemea pua yake kwa injini hii. Ndiyo maana makopo yake yalitoka Nairobi, chini ya kiti cha Makokha, dereva wa lori ambaye hawajapata kudanganyana naye tangu wajuane. Makopo ya kutosha injini moja tu. Alimwaga oili ile kwenye injini alasiri ya jana, akalisikiliza gari likinguruma kwa sauti ya chini, kisha akaenda kufunga duka Kansanga akiwa na moyo mweupe.

Leo zilikuwa mbio za kupanda kilima, upande wa Gayaza. Miaka yote Kaltumi alikuwa akiandikishwa kama dereva wa akiba, yule anayeitwa mwingine akiumwa. Safari hii jina lake lilikuwa kati ya wanaoanza. Klabu ilisema wazi: asiyefika ukaguzi wa asubuhi amepoteza nafasi yake kwa msimu mzima.

Mlango wa sebule ulifunguka. Kaka yake mkubwa, Abdul-Latif, alitoka na kofia yake ya sala na tasbihi mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri.

"Kaka, nani amegusa gari langu?"

"Mimi." Alisema bila kusita. "Jana jioni, ukiwa huko Kansanga. Ile kitu ulikuwa umetia si oili, Kaltumi. Ni maji. Watu wa duka walikudanganya."

"Mtu wa duka ni mimi."

Acen alicheka puani, akajifanya anakohoa.

"Basi ulijidanganya mwenyewe. Nimetoa ile, nikatia oili ya kweli. Ya lori. Mzee wetu alienda nayo mpaka Moroto na kurudi, injini haijafunguliwa hata mara moja."

Nyumbani kwao huzungumzwa Kinubi. Abdul-Latif alipotaka kuamrisha, alihamia Kiswahili cha kambi za jeshi, kile alichomsikia baba yao akikitumia na madereva wadogo. Kila mtu katika nyumba ile alijua maana ya kuhama kule.

"Oili yangu iko wapi?"

"Nimepatia watu wa boda pale kwa steji. Ingine iko kwa beseni, huko nyuma."

"Beseni gani?" Nuriat aliacha kupepea. "Abdul-Latif, beseni gani?"

"Ile ya bluu."

"Ya kufulia. Ametia oili kwa beseni langu la kufulia." Nuriat aliuambia mkaa, kwa kuwa mumewe hakustahili kuambiwa.

Kaltumi alikuwa ameshatoka getini. Steji ilikuwa pale kona, chini ya bango la simu, na waendesha boda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakila chapati. Mwenyekiti wao, Ongom, alimwona akasimama kwa heshima.

"Hajati, Mungu akuweke. Leo mashine yangu imeamka kama mtoto amenyonya. Haina hata sauti."

"Oili ile ni yangu."

"Tunajua. Mzee Abdul-Latif alisema dada yake ametupatia zawadi."

"Sikukupa zawadi yoyote, Ongom. Itoe."

Ongom alimtazama, akaitazama pikipiki, akamtazama tena. "Itoke wapi, nyabo? Imeshaenda Kyambogo na kurudi."

Mmoja wao alicheka, kisha akaona uso wake akaacha. Kaltumi alisimama mbele ya watu wale waliokuwa wamekaa juu ya oili yake, chapati mkononi, wala hawakuwa na kosa. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Hakuwa na mtu wa kumkaba pale. Mtu wake alikuwa nyumbani, anahesabu tasbihi.

Aliporudi, alimkuta Acen amechuchumaa kando ya beseni nyuma ya nyumba. Oili iliyobaki ilikuwa ng'avu bado. Asubuhi ilikuwa imejitazama ndani yake.

"Tuichuje," Acen alisema kwa sauti ya chini. "Leso yangu ni safi. Mara mbili, mara tatu. Tunaongezea kidogo ya ile ya lori, tunaenda. Nani atajua?"

Kaltumi alichovya kidole, akasugua kwa gumba. Alihisi punje. Pembeni mwa beseni oili ilikuwa imefanya povu jeupe mahali ilipokutana na maji ya sabuni. Akafumba macho, na kwa kitambo akajiona kwenye mstari, mlima mbele yake, vumbi jekundu, mkono wa Acen ukigeuza karatasi ya njia. Aliitamani sana ile picha. Kisha akasikia tena ule mlio mkavu.

"Itajua injini," alisema. Akajifuta kidole kwenye nyasi.

"Basi twende na hiyo ya lori. Taratibu."

"Mlima ule haupandwi taratibu. Kwenye kona ya pili tabo itakufa, na nitakuwa nimeiua mimi, si yeye. Yeye hajui. Mimi najua."

Abdul-Latif alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya boneti kama mtu anayemtuliza farasi.

"Washa," alisema. "Washa nisikie mwenyewe."

"Siwashi."

"Kaltumi, washa hii gari. Saa inaenda."

"Nimesema siwashi. Ondoa mkono."

Hakuondoa. Ukutani nyuma yake, kwenye msumari wake, ilining'inia faneli ya bati ya baba yao, Mzee Abudu, aliyeendesha malori ya jeshi maisha yake yote. Hakuna gari lililotoka katika nyumba ile kwa safari kubwa bila mzee kuishusha faneli ile na kumimina oili kwa mkono wake, kwa bismillahi, na mwenye gari akiwa ameshika boneti na kutaja kwa sauti mahali anapokwenda. Alimimina kwa wanawe wa kiume wote. Alimimina hata kwa majirani. Kaltumi aliponunua teksi yake ya kwanza alisimama pale alipo sasa, boneti juu, akingoja. Mzee alipita, akamwambia mwanamke husafiri ndani ya gari, haliendeshi, akaenda kunawa. Mzee alikufa bila kuishusha faneli ile kwa ajili yake.

Sasa aliitazama. Mdomo wa faneli ulikuwa umelowa oili nyeusi ya kijani.

"Ulitumia faneli ya mzee," alisema.

"Ndiyo." Kwa mara ya kwanza sauti ya Abdul-Latif ilirudi kwenye Kinubi, ikawa ndogo. "Yeye hakukumiminia. Nilimwona siku ile. Nikasema, basi, safari hii mimi nitammiminia dada yangu. Aende salama na arudi."

Nuriat alitazama chini. Acen aligeuza helmeti yake mikononi, upande huu, upande ule.

Na hicho ndicho kitu Kaltumi alichokingoja tangu akiwa msichana mwenye teksi mpya. Kumbe kilifika jana jioni. Kilifika yeye hayupo. Alidhani kitamlainisha. Kikageuka kuwa moto.

"Mwenye gari hushika boneti," alisema. "Hujui hata desturi ya baba yako? Mwenye gari husimama pale, akasema anakwenda wapi. Boneti yangu aliishika nani, Abdul-Latif?"

Hakumwita kaka. Wote walisikia.

"Ulikuwa Kansanga."

"Nina simu. Ungeuliza neno moja tu, hii ni oili gani. Ungemuuliza dereva yeyote mwanamume. Ongom na pikipiki yake ungemuuliza. Kwangu mimi ulivizia nitoke, ukamimina kama mwizi, halafu unataka niseme ahsante."

"Mimi ni mkubwa wako. Nilitaka usafiri vizuri."

"Sisafiri. Ndicho ulichopata."

Alichukua spana na jeki, akaviringisha mikono ya ovaroli, akaingia chini ya gari. Akaweka jerikeni lililokatwa ubavu chini ya sampu, chombo cha oili kilicho chini ya injini, akafungua nati. Oili ya lori haikutoka kwa kumwagika. Ilishuka polepole, uzi mmoja mnene usiokatika, ikijikunja juu ya yenyewe, na yeye akalala chali akiitazama inavyochukua muda wake. Jua lilivuka ukuta. Kule Gayaza ukaguzi ulikuwa umeanza, na majina yalikuwa yakiitwa. Simu ya Acen iliita. Acen akasogea pembeni, akajibu kwa Kiacholi maneno machache, akaiweka mfukoni.

"Wameita jina langu?" Kaltumi aliuliza kutoka chini.

"Wameita."

Uzi ule ukaendelea kushuka.

Ulipokuwa matone, alifunga nati, akatoka, akalibeba jerikeni kwa mikono miwili na kumpa kaka yake. Abdul-Latif alilipokea kwa sababu hakuna aliyemfundisha kukataa kitu anachopewa. Oili ilimchuruzikia kwenye kanzu.

"Ya lori," Kaltumi alisema. "Ukipata lori, mimina."

Kisha akaenda ukutani, akashusha faneli ya Mzee Abudu, akaifuta ndani na nje kwa kitambaa mpaka bati likaonekana, akaitia kwenye mkoba wake wa spana.

"Unaipeleka wapi?" Abdul-Latif aliuliza.

"Kansanga. Dukani. Makokha akileta makopo mengine, nitamimina mwenyewe. Ukitaka kuwepo, njoo ushike boneti."

Abdul-Latif hakuweza hata kuinua mkono, jerikeni lilikuwa limejaa.

Acen alivua fulana ya mbio, akaikunja, akauliza kama kuna chai. Nuriat alisema ipo, kisha akasema kwa sauti ya juu, ili mumewe asikie, kwamba na beseni jipya pia litahitajika, la bluu.

Kaltumi hakukaa kunywa. Alifunga boneti kwa kiganja, polepole, juu ya injini isiyo na kitu ndani, akatoka getini na mkoba begani, faneli ikigongana na spana kila alipopiga hatua. Pale kona Ongom alimsogezea pikipiki bila kusema neno. Iliwaka kwa mguso mmoja. Waliteremka kuelekea mjini kwenye jua la asubuhi, na njia yote mashine ile ilikimbia laini, kimya kabisa, na kimya kile kilikuwa cha oili yake, na hakukisamehe.