Hesabu Niliyoipiga Ukweni

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na aibu niliyoipata Lulindi mwaka juzi sijawahi kumsimulia mwalimu mwenzangu hata mmoja, maana ilinipata ndani ya somo langu mwenyewe.

Tulishuka kutoka Newala asubuhi, mimi na mshenga wangu Baba Fadhili, kwenda kusikiliza jibu la posa yangu kwa Neema. Shati nimelifua kwa maji ya kununua (watu wa Newala, mnaoijua shida ya maji, mnanielewa), viatu vinang'aa, na njia nzima Baba Fadhili ananikumbusha kwamba kazi yangu ni moja tu, kukaa kimya, msemaji ni yeye. Jibu lilikuwa kwa Mjomba Lukas, kwa sababu kwetu huku baba mzazi atakukaribisha vizuri kabisa, lakini anayemtoa mtoto ni mjomba, na mjomba akikataa ndiyo basi tena.

Tukakaa barazani na wazee wa ukoo, shikamoo zikaisha, Mjomba Lukas akaanza kusimulia alivyotoka Dar kwa ndege mpaka Mtwara kwa ajili yetu, karibu kilomita mia sita angani. Ningenyamaza tu. Lakini hizo mia sita ni za barabarani, ndege inakata moja kwa moja, na ulimi ukaniwasha, nikasema samahani Mjomba, umbali wa uwanja hadi uwanja una hesabu yake. Baba Fadhili akanikanyaga mguu, nikadhani ni bahati mbaya.

Nikaokota kijiti, nikashuka uani, nikaandika mchangani wazee wote wakitazama, latitudo ya Dar digrii saba, ya Mtwara digrii kumi (dakika nilizikadiria hadi digrii nzima ili wanifuate vizuri), nikajumlisha nikapata kumi na saba, nikazidisha kwa mia moja na kumi na moja, ndizo kilomita za kila digrii, nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba ni kilomita elfu moja mia nane themanini na saba.

Mjomba Lukas akazitazama zile tarakimu. "Mwalimu, kwa gari hazifiki mia sita. Sasa huyu rubani alinipitisha wapi?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akavua kofia ajifutie machozi. Nami badala ya kukaa nikaanza kuzidisha upya, jasho linanitiririka, ndipo sauti ya Neema ikatoka jikoni walikokuwa wanawake, taratibu tu: "Mwalimu, zote ziko kusini mwa ikweta. Hapo tunatoa, hatujumlishi."

Kosa la kidato cha nne, ambalo nimelikata kwa kalamu nyekundu miaka yote ya kazi yangu! Nikafuta kila kitu kwa kiatu, nikatoa, nikapata mia tatu thelathini na tatu, nikasema Neema amepatia, mimi nimekosea. Nikarudi kukaa nikijua posa imekufa, na iliniuma sana, maana nampenda.

Wazee wakaenda faragha mpaka chai yangu ikapoa. Mjomba Lukas aliporudi hakumtazama mshenga, alinitazama mimi.

"Hesabu hujui," akasema. "Lakini umesahihishwa na mwanamke mbele za watu, ukafuta. Mtoto wetu huyu haachi kusema akiona kosa, na sisi tulikuwa tunahofia atampata mtu asiyefuta."

Tulifunga ndoa. Ila nimeapa sitapiga hesabu tena ukweni, na mtu akiniuliza umbali wa popote, hata wa hapa na Masasi, namwambia angoje mke wangu arudi kutoka kazini.