Hita ya Mama wa Mayai

Sikumpenda yule mwanamke, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Alikuwa akiuza mayai. Aliyanunua kwa wafugaji wa upande wa mlimani na kuyateremsha mjini Kitale alfajiri, kwenye hoteli na maduka ya Wahindi, kwa gari kuukuu, stesheni wagoni, aliloachiwa na marehemu mumewe. Gari lenyewe lilikuwa na kutu mpaka kwenye bawaba, lakini yeye alishuka humo kama bibi arusi. Hata namna alivyofunga mlango ilinikera.

Mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari. Tulianzia Bungoma, miaka ya themanini, nyuma ya duka la Kalasinga mmoja aliyetupa kiwanja cha kufanyia kazi. Baadaye tukahamia Kibomet, tukasimamisha banda la mabati mbele ya nyumba. Kazi ya umeme wa gari ni ya watu wawili. Mmoja anaingia chini ya dashibodi na taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili. Mwingine anakaa kwenye kiti, anawasha swichi na kuizima kadiri anavyoambiwa. Huyo mwingine nilikuwa mimi. Hata kabla hajapeleka ng'ombe kwetu Mabanga, alikuwa akilala chali chini ya dashibodi za watu na mimi nimekaa juu, ananiambia, "Washa. Zima. Washa tena, mpenzi." Wenzangu waliposwa kwa maneno matamu, mimi niliposwa kwa washa na zima, na nilitosheka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, feni ya hita ya mama wa mayai ikagoma. Mtu wa Mombasa atacheka, hita ya nini? Aje Kitale mwezi wa Julai kabla jua halijatoka, aone kioo cha gari kinavyojaa ukungu kwa ndani. Bila ile hewa ya moto ya kukikausha, dereva haoni hata boneti yake mwenyewe. Basi akalileta Jumamosi. Nilipoona mume wangu anatoa taa ya kupimia, nikapangusa mikono na kwenda kukaa mahali pangu.

"Wewe endelea na mboga, mama watoto," akaniambia bila kuniangalia. "Mwenye gari atashika swichi."

Mwenye gari atashika swichi! Nilirudi jikoni nikaikatakata sukuma wiki kama iliyonitukana. Kutoka huko nikasikia, "Washa. Zima," na yule mama akicheka. Mpaka leo sijui swichi ya hita ina kichekesho gani.

Feni ikapona. Siku chache baadaye ikagoma, akarudi Jumamosi. Ikapona tena, ikagoma tena. Leo mume wangu akisema ni fyuzi, Jumamosi nyingine akisema ni swichi, na mimi nikimsikia na kushangaa, kwa sababu huyu ni mtu aliyekuwa akisema gari likirudi na ugonjwa uleule fundi ajifiche. Kisha akaanza kwenda kwa kinyozi kila Jumamosi kabla ya saa za yule mteja. Dalili ya mvua ni mawingu. Wivu ukanishika. Nilimwomba Mungu lile gari liungue, likiwa halina mtu ndani, na siku nyingine nilisahau kuyaongeza hayo ya mwisho.

Jumamosi moja yule mama akaja mapema kuliko kawaida.

"Mama, fundi yuko?"

"Ameenda kunyolewa."

"Aki, mimi nimechoka na hii gari. Ati leo nimekaribia kugonga mkokoteni ya maziwa! Nilikuwa napangusa kioo na leso, sikuona kitu."

Nilichungulia nyuma ya gari. Trei zilikuwa zimepinduka na kiini cha mayai kilikuwa kikitiririka mpaka chini ya viti. Sitasema nilimhurumia, niliwaza tu kwamba gari hili likipona kabisa, halitarudi hapa.

"Kaa hapo kwa kiti," nikamwambia. "Nikisema washa, unawasha."

Nikachukua taa ya kupimia, nikafanya kama nilivyomwona mume wangu akifanya miaka yote ile. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikaondoa kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, nikaifikia mota ya feni. Nikashikiza waya mmoja wa taa kwenye bodi ya gari, na wa pili nikaugusisha pale umeme unapoingilia kwenye mota. Taa ikawaka. Basi fyuzi na swichi hazikuwa na kosa lolote. Umeme ulikuwa unafika. Nikautoa ule waya wa taa kwenye bodi, nikaugusisha kwenye waya mweusi wa mota, ule ambao kazi yake ni kuurudisha umeme kwenye bodi. Taa ikakataa. Umeme ulikuwa unaingia na hauna pa kutokea. Nikaufuata waya mweusi kwa vidole huko gizani, nikitarajia kutu.

Hapakuwa na kutu. Bolti ya kuufungia waya ule ilikuwa mahali pake, safi, imekazwa, na chini yake hamna kitu. Waya ulikuwa unaning'inia pembeni, karibu na upau wa chuma ambako ulikuwa umefungiwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira ungeushika kwa siku kadhaa, mpaka barabara ya mlimani iutikise uchomoke. Na fundo la mpira lilikuwa limevutwa kwa kushoto. Mume wangu ni wa mkono wa kushoto. Tena ni mtu wa bolti. Hata kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwetu aliifunga kwa bolti. Mpira ule hakuuweka kwa haraka wala kwa kukosa kitu bora. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaufunga waya kwenye bolti, nikakaza kwa hasira.

"Washa."

Feni ikavuma. Yule mama akasogeza uso kwenye tundu la hewa, akafumba macho.

"Kumbe ilikuwa nini, mama?"

"Waya ulilegea," nikasema. Nilimfichia mume wangu aibu yake, na nilichukia kumfichia.

Ndipo akaingia, kichwa kinang'aa, poda shingoni.

"Fundi, bibi yako amemaliza hii kazi," mama wa mayai akamwambia. "Amefunga na bolti kabisa. Sasa mtapumzika, sitawasumbua tena, bana!"

Nilimtazama mume wangu usoni. Nilikuwa nimejitayarisha kumwona akiona haya, na ningefurahi. Hakuwa na haya. Hata hakukumbuka kwamba nipo. Alimsaidia kufunga mlango, akasimama barabarani akiliangalia gari mpaka likapinda kona, na bado akaendelea kusimama.

Nimemwacha mume wangu mara nyingi tangu tuoane, nikienda hospitali kujifungua, nikienda Mabanga kumzika mama yangu. Kila nilipoondoka niligeuka kumtazama, na sijawahi kuuona uso ule aliokuwa nao akiliangalia gari lile.