Vijiti Katika Bakuli la Wali

Sisi tuliokulia Hail, huku kwa Waarabu, miaka ya tisini, jirani kwetu alikuwa mtu wa nyumbani. Tulipakana ukuta na Wajapani: Yumi, rika langu, mama yake, na baba yake aliyekuwa fundi wa mitambo huko jangwani. Yumi alijifunza Kiswahili uani kwetu, tukicheza kibe na kugombania ubuyu mama aliotumiwa kutoka Unguja. Watoto wa leo wana marafiki mia mbili kwenye simu, na jirani wa mlango wa pili hawamjui hata jina.

Kwa kina Yumi sikuona ugeni sana. Viatu vilivuliwa mlangoni kama kwetu, ndara za chooni zilikaa mbali kama kwetu, na kabla ya kula walisema neno lao la shukrani, nami nikasema bismillahi. Bakuli la mama likienda na biriani, halikurudi tupu hata siku moja.

Siku hiyo nilikuwa nakula kwao, na baba Yumi alikuwepo mezani. Kesho yake alikuwa anarudi kazini. Mama akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta. Kwetu ukiitwa unakwenda mbio. Sikutaka kuchafua kitambaa cheupe cha meza, basi nikavichomeka vijiti vyangu vya kulia wima katikati ya wali, nikainuka. Mama Yumi akaacha kutafuna. Akanyoosha mkono, akavichomoa, akavilaza taratibu. Bora angenigombeza.

Yumi ndiye aliyenifuata mlangoni akanieleza. Kwao wali huchomekwa vijiti namna ile mtu anapokufa. Ndicho chakula cha maiti.

Baba yake aliondoka alfajiri. Tangu hapo, kila gari lililopunguza mwendo nje niliona limeleta habari mbaya. Bakuli letu lilikuwa bado kwao, na siku zikapita halirudi. Sikuthubutu kwenda kuuliza. Siku ya nne nikakataa chakula, mama akanishika kidevu.

"Nambie kweli, una nini?"

"Nnaogopa, mama. Nimemuua baba yake Yumi."

Nilipomweleza nilidhani atacheka. Lakini mama yangu alikuwa hawezi kupita kiatu kilichopinduka bila kukigeuza. Alitandika msala, akanikalisha ubavuni, akamwombea yule Mjapani dua ndefu. Sauti yake ilitetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kikweli.

Baada ya siku mbili mlango ukagongwa. Alikuwa baba Yumi mwenyewe, uso umeungua jua, amelishika bakuli letu kwa mikono miwili, limejaa matonge ya wali. Akainama. Mama akalipokea huku machozi yanamtoka.

"Alhamdulillahi, mzima," alisema.

Maskini wa Mungu, akainama tena na tena, nadhani akiomba radhi kwa kulichelewesha bakuli.

Nyumba ile sasa ina wapangaji nisiowajua, na hakuna bakuli linalovuka ukuta. Wanangu chakula cha Kijapani wanakula madukani. Wiki iliyopita mdogo wao alivichomeka vijiti wima kwenye wali, akainua simu apige picha. Nikanyoosha mkono, nikavichomoa, nikavilaza. Kisha nikatoka nje kumpigia baba yao, aliyekuwa njiani anarudi kutoka Salala, nikamwuliza amefika wapi.