Siku Mto Uliponibatiza kwa Povu

Wiki iliyopita nilitoka Kitale, ninakoishi sasa, nikashuka nyumbani Kabuchai kwa sababu nilialikwa kusherehekea mto. Ndiyo, rafiki yangu, mto. Ati umepona. Kulikuwa na hema, spika na soda, na mgeni wa heshima alikuwa mzee yule aliyewahi kuwa meneja wa kiwanda cha sukari guru kilichouua mto huo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, na mambo ya utotoni yakanirudia.

Kabla ya kiwanda, mto ule ulikuwa sehemu ya boma letu. Kukhu, yaani nyanya yangu, alitutuma maji asubuhi, nasi tulichelewa makusudi tukiinua mawe kutafuta kaa. Jumamosi tulifua huko, tukaanika nguo juu ya nyasi, tukala viazi vitamu vya kuchoma huku tukingoja zikauke. Maji yenyewe yalikuwa baridi ya kuuma meno.

Kisha kiwanda kikaja, na tulikishangilia, maana wazazi walipata pa kuuza miwa. Lakini bomba lake lilitapika maji meusi moja kwa moja mtoni, mchana kweupe, na harufu ya kuoza ikatufuata hadi mezani. Kaa wakafa. Ng'ombe wa jirani akanywa, akavimba, akafa. Meneja akasema ng'ombe hufa kila siku.

Nilibatizwa mtoni humo wakati huo. Kiwanda kilikuwa kimelinunulia kanisa mabati, kwa hiyo pasta alikohoa kidogo tu akasema maji ni maji. Kukhu alinishonea gauni jeupe. Nilizamishwa nikiwa nimefumba macho, nikaibuka na povu la kahawia nyweleni, gauni limekuwa rangi ya chai. Kabla ya jioni mwili wote ulikuwa vipele.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Kukhu alisimama akaliinua lile gauni mbele ya kanisa zima.

"Nilileta mtoto aoshwe dhambi," akasema. "Si mnaona vile mmenirudishia?"

"Mama, keti tafadhali," pasta akamwambia. "Hapa ni kwa Mungu."

"Na mto ni wa nani? Wa meneja?"

Hakuketi. Alitoka, na wanawake wakamfuata mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye lango la kiwanda. Meneja akaamuru lifungwe, akatuma walinzi wawafukuze. Chifu akawaambia warudi nyumbani wakapike. Kanisa likanunua tangi la kubatizia. Sisi na ng'ombe tukaachiwa mto.

Usidhani kuna mtu aliona aibu. Kiwanda kilifungwa miaka mingi baadaye kwa kukosa miwa, basi. Wanawake wale wale, Kukhu akiwa mbele na mgongo wake uliopinda, ndio waliochimba ule uchafu kwa majembe yao na kupanda mianzi ukingoni. Kukhu alifariki huku maji yakiwa bado na rangi.

Sasa, pale hemani, meneja yule akashika kipaza sauti. "Mto ukiuacha unajitibu wenyewe," akasema. "Tusahau yaliyopita."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Haukujitibu, mzee. Ulitibiwa na mama zetu, wale uliowafungia lango."

Makofi yakakatika. Mwenye spika akaongeza muziki haraka.

Niliteremka mtoni, nikavua viatu, nikaingia hadi magotini. Maji ni safi kweli, sibishi. Lakini binti wa kaka yangu, aliyekuwa amenifuata, aligoma kushuka ukingoni.

"Anti, toka!" akalia. "Hiyo maji inaua watu!"

Nilimwambia yamepona. Nilimnyooshea mkono. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, macho yamemtoka, kisha akageuka akakimbia kwa mama yake. Mto umerudi, lakini watoto wa kijiji kizima wamelelewa wakiuogopa. Hawajui kuogelea. Hawajui kwamba mtu anaweza kuukosa mto mpaka akaota sauti yake. Na kule juu, kwenye hema, walikuwa wakimvisha yule mzee shada la maua.